Maana ya Askari wa Polisi, na Haki Zilizo Baina Yake na Raia

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeamrisha uadilifu akakataza dhulma, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Amma baad.

Nimeandika somo hili kwa sababu ya masuali niliyoletewa na ndugu zetu wa Nachingwea na Ruangwa, wengine kwa mdomo baada ya sala ya Ijumaa, wengine kwa barua. Mmoja aliuliza kama mshahara wa askari wa polisi ni halali. Wa pili, mzee wa shamba, aliuliza afanyeje pale mwanawe alipotiwa korokoroni na yeye akaambiwa ya kuwa dhamana ina bei. Wa tatu aliuliza, na suali lake lilinihuzunisha zaidi, kwa nini mwizi aliyeshikwa na watu asimalizwe papo hapo, na hali akipelekwa kituoni atarejea kijijini siku ya tatu. Nikaona ya kuwa masuali haya yote yana mzizi mmoja, nao ni kwamba watu hawajui polisi ni nani, wala mpaka wa kazi yake u wapi, wala wao wenyewe wana wajibu gani mbele yake. Na mtu asiyejua mpaka wa shamba hawezi kusema ni nani aliyeuvuka.

Tuanze na jina. Neno askari tumelitoa katika Kiarabu, na asili yake ni jeshi, si mtu mmoja. Neno polisi limetujia kwa Waingereza, nao walilipata kwa Wafaransa, na mzizi wake ni neno la Kiyunani lenye maana ya mji. Basi kwa asili ya jina lake polisi ni kazi ya kuutengeneza mji, watu wakae kwa amani. Ama Waarabu humwita mtu wa kazi hii shurti, na wote pamoja huitwa shurta. Maulamaa wa lugha wamesema ya kuwa waliitwa hivyo kwa sababu walijitia alama wapate kujulikana, kama vile alama za Kiyama zilivyoitwa ashrat. Tazama, ndugu msomaji, maana iliyomo: polisi ni mtu mwenye alama. Nguo yake, na nambari yake, na cheo kilicho begani mwake, si pambo. Vimewekwa ili mwenye kukamatwa amjue anayemkamata, na mwenye kudhulumiwa amjue wa kumshitaki. Askari afichaye nambari yake, au akataaye kutaja jina lake na kituo chake anapoulizwa kwa adabu, ametoka katika maana ya jina lenyewe. Na katika lugha yetu tuna neno shuruti, litokalo katika herufi zile zile tatu, nasi tumelipa maana ya kulazimisha. Jeshi la Polisi la Tanzania limekuwa likitangaza maneno ya kuwataka raia waitii sheria bila ya shuruti. Nami kila niyasikiapo hutabasamu, kwani jina la Kiarabu la polisi ni jamaa wa karibu wa neno hilo hilo.

Wako wadhanio ya kuwa kazi hii ni bidaa iliyoletwa na Wazungu. Dhana hiyo si kweli. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari, kwa Anas bin Malik (r.a.), ya kuwa Kais bin Saad alikuwa mbele ya Mtume (s.a.w.) katika daraja ya mkuu wa shurta mbele ya amiri. Na Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa akizunguka mwenyewe usiku katika njia za Madina kuwalinda watu, na mzunguko huo ndio asili ya doria tuijuayo leo. Katika nyakati zilizofuata, kila mji mkubwa wa Kiislamu, Damaskas na Baghdad na Misri, ulikuwa na mkuu wa shurta wake, pamoja na kadhi wake na muhtasibu wa soko. Imam Mawardi, katika wakubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, aliyefariki mwaka 450 wa Hijra (1058), aliyaeleza madaraka haya katika kitabu chake cha hukumu za utawala, akapambanua baina ya kadhi na mtu wa amri. Kadhi hukaa, akaletewa mdai na mdaiwa na mashahidi, akahukumu. Mtu wa amri hutoka, akatafuta, akakamata, akazuia. Ukilifahamu jambo hili umefahamu nusu ya somo: polisi si hakimu. Yeye ni mkono, na hukumu iko mahali pengine. Mkono ukianza kuhukumu, mji umeharibika hata kama hukumu yake imesadifu haki.

Ni kwa nini basi wazee wetu wa bara ya Lindi, wakisikia neno askari, hushituka kabla ya kuuliza khabari? Sababu yake inajulikana. Askari wa kwanza waliyemwona alikuwa wa Wadachi, naye alikuja na kiboko. Viboko 25, ambavyo watu waliviita khamsa ishirini, vilipigwa mbele ya boma kwa ajili ya kodi na kwa ajili ya kazi za pamba. Vita vya Maji Maji vilipozuka katika milima ya Umatumbi, mwezi wa Julai 1905, vilienea upesi hata Liwale na nchi ya Wamwera, na vilipokwisha katika 1907 nchi ilikuwa imechomwa, na njaa iliua watu wengi kuliko risasi. Watoto walirithi khofu hiyo kwa baba zao. Waingereza waliunda polisi ya Tanganyika katika 1919, na hata katika zama zao mtu wa kijijini alimjua askari kwa kuchukuliwa, wala hakumjua kwa kulindwa. Nimeyataja haya kwa sababu polisi wa leo husema ya kuwa watu wa kusini ni wagumu wa kusema, hawatoi khabari. Kweli hawatoi. Lakini ukimya huo una umri wa zaidi ya miaka 100, na hauondoki kwa kutangaziwa.

Sasa tutazame kazi yake kwa mujibu wa sheria ya nchi. Sheria ya Jeshi la Polisi, iliyo Sura ya 322, imeeleza ya kuwa kazi ya jeshi hili ni kulinda amani, kushika sheria na utulivu, kuzuia uhalifu na kuupeleleza, kuwakamata na kuwalinda wakosaji, na kuhifadhi mali. Zingatia ya kuwa kuzuia kumewekwa pamoja na kukamata. Polisi mwema si yule aliyejaza korokoroni, bali ni yule ambaye sokoni kwake watu hulala na milango mibovu. Juu ya wilaya yuko mkuu wa polisi wa wilaya, juu ya mkoa yuko kamanda wa mkoa, na juu ya wote yuko Inspekta Jenerali, ambaye huteuliwa na Rais. Ngazi hizi si za kumtisha raia. Zimewekwa ili mwenye kudhulumiwa katika ngazi ya chini apate mahali pa kupanda.

Ama mipaka yake, hapa ndipo penye maneno mengi, nami nitayaleta pamoja ya fikihi na ya sheria, kwani katika mengi yamekutana.

Jambo la kwanza ni nyumba. Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Nur, amekataza kuingia nyumba za watu pasipo kupiga hodi na kutoa salamu, na katika Sura ya Hujurat amekataza dhana mbaya na kupeleleza aibu za watu. Imesimuliwa, na Imam Ghazali ameitaja katika Ihya, ya kuwa Sayyidna Umar usiku mmoja alipanda ukuta akamkuta mtu katika maasia. Alipomkemea, mtu yule alimjibu ya kuwa, ikiwa yeye amemuasi Mungu katika jambo moja, Umar amemuasi katika matatu: amepeleleza, na ameingia kwa ukuta badala ya mlango, na hakutoa salamu. Umar akamwacha, baada ya kumtaka atubie. Huyu alikuwa Khalifa, wala hakusema kuwa cheo chake ndicho ruhusa. Na sheria yetu leo yataka polisi awe na hati ndipo apekue nyumba, isipokuwa pale penye dharura iliyoelezwa. Na mwanamke hapekuliwi mwili wake illa na mwanamke mwenziwe, kwa kuchunga heshima. Lakini usichanganye mambo mawili. Kupeleleza aibu ya siri isiyomdhuru mtu ni jambo moja, na kumtafuta aliyeiba ng'ombe au aliyeua ni jambo jingine. Hili la pili ni haki ya mdhulumiwa, na maulamaa wameliruhusu, na mara nyingine ni wajibu.

La pili ni nguvu. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho wanafunzi wetu wa pwani wamekisoma vizazi kwa vizazi, umo mlango wa mtu anayeshambulia, na kanuni yake ni kumzuia kwa jambo lililo jepesi kwanza. Akizuilika kwa maneno au kwa kuita watu, kumpiga ni haramu. Akizuilika kwa mkono, fimbo ni haramu. Na akizuilika kwa kujeruhiwa kiungo, kumuua ni haramu. Mwenye kuruka daraja pasipo haja ni mdhamini wa alichokiharibu. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai ya 1985 imesema kwa njia yake ya kuwa mtu akamatwaye asifungwe wala asibanwe zaidi ya kiasi cha kumzuia asitoroke. Basi kumpiga mtu aliyekwisha kutiwa pingu hakuna mlango, si katika kitabu chetu wala katika kitabu cha serikali.

La tatu, nalo ndilo zito kuliko yote, ni kumtesa mtu ili akiri. Madhehebu yetu yamesema ya kuwa kukiri kwa aliyelazimishwa hakusihi. Maiz alipokuja kwa Mtume (s.a.w.) kukiri kwa hiari yake mwenyewe, Mtume alimgeuzia uso mara baada ya mara, akauliza kama ana wazimu, ni vipi basi kwa yule aliyekirishwa kwa rungu? Na Imam Muslim amepokea ya kuwa sahaba Hisham bin Hakim alipita katika nchi ya Sham akawaona watu wamesimamishwa juani kwa sababu ya kodi. Akasimama akatoa hadithi ya Mtume, yenye maana ya kuwa Mwenyezi Mungu atawaadhibu wale wawaadhibuo watu duniani, akaingia kwa amiri akamweleza, na amiri akaamrisha waachiliwe. Fahamu ya kuwa watu wale hawakupigwa hata fimbo moja. Kusimamishwa juani kulitosha kuwa adhabu.

Mara nyingi anayetaka mtuhumiwa apigwe si polisi, bali ni mwenye mali aliyeibiwa. Huja kituoni akasema: mbona mmemkalisha tu, mbona hamumfinyi? Huyu na asikilize khabari iliyo katika Sunan ya Abu Daud. Watu waliibiwa vyombo vyao, wakawatuhumu wafumaji, wakawapeleka kwa sahaba Nuuman bin Bashir. Naye akawaweka siku chache kisha akawaachilia. Wenye mali wakalalamika ya kuwa amewaacha pasipo kipigo. Akawajibu ya kuwa, wakitaka, atawapiga. Mali ikitokea, vema. Na isipotokea, atachukua katika migongo ya washitaki mfano wa kile alichochukua katika migongo ya washitakiwa, akasema ya kuwa hiyo ndiyo hukumu ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Lau sharti hili lingaliandikwa mlangoni mwa kila kituo, wangapi wangalithubutu kuomba jirani yao apigwe?

Wala tusiseme ya kuwa hizi ni khabari za Sham tu. Mwezi wa Januari 2022 aliuawa mjini Mtwara kijana wa Nachingwea, mfanyabiashara wa madini ya vito. Ndugu zake walieleza ya kuwa alikamatwa na polisi, fedha zake zikachukuliwa, na aliporudi kuzidai hakuonekana tena akiwa hai. Maofisa 7 wa polisi walishitakiwa kwa mauaji, Rais wa Jamhuri akasema juu ya jambo hili hadharani, na katika 2025 Mahakama Kuu iliyokaa Mtwara iliwahukumu wawili kati yao adhabu ya kifo. Jina la marehemu silitaji hapa, kwani aila yake wangali hai na huzuni yao ni yao. Nasema tu haya mawili. Kwanza, walioshitakiwa walikuwa ni watu wenye amana ya kuilinda nafsi ile ile iliyopotea. Na khiyana ya mlinzi ni kubwa kuliko uadui wa mwizi, kwa sababu mwizi hukupewa ahadi naye. Pili, waliowapeleleza, na kuwakamata, na kuwafikisha mbele ya Jaji, walikuwa ni watu wa serikali vile vile. Mwenye kusema ya kuwa polisi wote ni madhalimu amesema uongo, na mwenye kusema ya kuwa polisi hawadhulumu amewadhulumu waliokufa. Serikali yenyewe iliona haja ya kuyatazama mambo haya. Katika 2023 iliwekwa Tume juu ya haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Othman Chande, nayo ikatoa ripoti yake mwezi wa Julai mwaka huo huo, ikitaka mageuzi makubwa katika polisi.

Sasa nije kwa mzee wetu na dhamana ya mwanawe.

Mzee huyu alitoka kijijini kwa pikipiki, akafika kituo kimoja, akaambiwa na kijana mwenye sare ya kuwa mwanawe atatoka akilipa. Akauza gunia la mbaazi, akalipa, mtoto akatoka. Aliponijia hakuuliza khabari ya fedha. Aliuliza kama ameingia katika laana ya Mtume (s.a.w.) juu ya mtoa rushwa na mpokeaji wake.

Jawabu lataka ufafanuzi. Kwanza ajue ya kuwa dhamana ya polisi haiuzwi. Neno lenyewe ni la fikihi. Katika vitabu vyetu iko kafala ya mwili, nayo ni mtu kujifunga ya kuwa atamhudhurisha fulani siku itakapotakiwa. Na dhamana ya polisi, katika maana yake, ni hiyo hiyo. Mdhamini hutia saini ahadi, wala hatoi fedha ya kumkomboa mtu kama mateka. Tena sheria imetaka aliyekamatwa pasipo hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na ikiwa haiwezekani, aachiliwe kwa dhamana, ila makosa makubwa kama kuua kwa kusudi, na uhaini, na unyang'anyi wa silaha. Na kumhoji kuna kipimo: saa 4 tangu kushikwa, na nyongeza yake ina utaratibu. Haya yamo katika sheria ile ile ya 1985, na raia akiyajua hauzwi kitu kilicho chake.

Ama hukumu ya alichokitoa, maulamaa wetu wamepambanua. Mwenye kutoa ili apate kisicho haki yake, au ili aizime haki ya mwenziwe, huyo ndiye mtoa rushwa aliyelaaniwa. Na mwenye kutoa ili ajiepushe na dhulma iliyomshukia, au aipate haki yake iliyozuiliwa, wala hana njia nyingine, dhambi ni ya mpokeaji, na mtoaji hana juu yake. Basi mzee na ajitazame. Ikiwa mwanawe alizuiliwa pasipo haki, na dhamana ilikuwa haki yake, na yeye hakujua wala hakupata njia nyingine, hatumwambii kuwa amelaaniwa. Lakini ikiwa mtoto aliiba korosho za watu, na fedha ile ilitolewa ili jalada la kesi lipotee, basi mwenye korosho ameibiwa mara mbili, mara ya kwanza na mtoto na mara ya pili na baba.

Na kauli ya kuwa hapakuwa na njia nyingine isisemwe upesi. Njia zipo. Utaje stakabadhi, na hapo wengi hunyamaza. Umtake mkuu wa kituo, na asipokusikia, mkuu wa polisi wa wilaya. Iko ofisi ya TAKUKURU, na simu yake ni 113 pasipo malipo. Najua ya kuwa mtu wa shamba huona njia hizi ni ndefu, na kijana yuko ndani na usiku unaingia. Ndiyo maana nasema ya kuwa wenye elimu na wazee wa misikiti wana wajibu wa kufuatana na mtu huyo hata kituoni. Mzee mmoja peke yake ni windo. Wazee wanne wenye kanzu, waliokaa kimya juu ya benchi wakingoja jawabu, ni jambo jingine.

Na askari mpokeaji asijidanganye kwa majina. Tunaiita chai, tunaiita maji, tunaiita kitu kidogo, na katika njia ya Nanganga kwenda Ruangwa na Nachingwea vijana wa pikipiki wana majina mengine zaidi ambayo siyaandiki. Jina halibadili hukumu. Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu wa kabila la Azdi, aitwaye Ibnul Lutbiya, kukusanya zaka, aliporudi akatenga mafungu mawili, akasema ya kuwa hili ni lenu na hili nimezawadiwa. Mtume akapanda mimbari, akauliza ni kwa nini asikae nyumbani kwa baba yake au mama yake, akaona kama zawadi itamjia. Swali hilo ndilo mizani. Askari na ajiulize: lau ningalivua sare hii nikakaa barazani kwetu, je, dereva huyu angalisimama kunipa noti iliyokunjwa?

Suali la tatu, la kumuua mwizi. Hukumu za mipaka haziwekwi na kundi la watu njiani, bali na mwenye amri baada ya kuthibiti. Na wizi, hata ukithibiti, adhabu yake si kifo katika sheria yoyote tuijuayo. Walioshirikiana kumuua mtu mmoja wote ni wauaji, na Sayyidna Umar alihukumu hivyo juu ya watu wa Sanaa walioshirikiana katika damu ya mmoja, wala hakusema kuwa wingi wao ni udhuru. Aliyetupa jiwe moja asidhani kuwa ametupa sehemu ndogo ya dhambi. Na wangapi waliuawa kwa kelele ya mwizi, kisha ikadhihiri ya kuwa alikuwa mdai aliyekuja kudai chake? Ukimkuta mwizi ndani ya nyumba yako, una mlango wa kujitetea kwa daraja zile nilizozitaja. Akiisha kushikika, mlango huo umefungwa.

Lakini ndugu yangu alisema ya kuwa akipelekwa kituoni atarudi. Nami namuuliza: alipopelekwa, ni nani aliyekwenda kutoa ushahidi? Katika miji yetu hii kesi nyingi hufa kwa sababu siku ya mahakama mwenye kuona hakutokea. Alikuwa shambani, au aliogopa lawama ya ukoo. Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Bakara, amekataza kuficha ushahidi, na akamwita mwenye kuuficha kuwa moyo wake una dhambi. Polisi hawezi kumfunga mtu kwa uvumi, nasi twampa uvumi tu kisha twasema kuwa amehongwa. Tangu 2006 serikali imehimiza polisi jamii na ulinzi shirikishi, raia kulinda mitaa yao pamoja na askari. Ni jambo jema, kwa sharti ya kuwa kijana mwenye rungu la mtaa naye ayajue haya tuliyoyasema. Kwani wengine wao wana ukali ambao askari wenyewe wameuacha.

Yapo mambo mawili ya bara yetu ambayo kila msimu huwaleta polisi vijijini. La kwanza ni ugomvi wa wakulima na wafugaji, tangu ng'ombe walipohamishiwa mkoa wa Lindi kutoka bonde la Ihefu katika 2006 na 2007. Katika hili polisi ana wajibu wa kuwaweka sawa mwenye kundi na mwenye jembe. Na Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Nisaa, ametuamrisha tusimame na uadilifu, awe mtu tajiri au maskini. Fidia ya mazao na ithaminiwe na wenye ujuzi, wala isikatwe kituoni kwa minong'ono. La pili ni kangomba, yaani kununua korosho kwa kipimo cha bakuli nje ya stakabadhi za ghalani. Polisi huikamata kwa amri ya serikali. Mimi naongeza ya kuwa, hata pasingekuwa na polisi, kumpa mkulima mwenye njaa fedha kidogo mwezi wa Machi ili achukuliwe korosho zake kwa bakuli lisilojulikana kipimo chake ni muamala wenye ghubni, na masharti ya salamu hayakutimia humo. Somo lake ni refu, nitalileta mbali inshaallah.

Limebaki la mshahara. Kazi ya polisi kwa asili yake ni halali, bali ni katika faradhi za kutosheleza. Wasipokuwapo kabisa wa kuifanya, mji mzima umepata dhambi. Nabii Yusuf (a.s.) alishika hazina ya nchi chini ya mfalme asiyekuwa wa dini yake, akawaokoa watu na njaa. Mshahara ni ujira wa kulinda, nao ni halali maadamu mtu analinda. Akiamrishwa dhulma iliyo wazi, kama kumtesa mtu au kuandika ushahidi wa uongo, hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Na sheria ya nchi nayo haimpi kinga ya kusema kuwa niliamrishwa kutesa. Kijana mwenye dini asikimbizwe na kazi hii kwa sababu ya ubaya wa baadhi ya wenziwe. Wakiikimbia wema, wataijaza nani?

Na askari mmoja wa Ruangwa aliniuliza juu ya Ijumaa, ya kuwa zamu yake ya lindo la benki huangukia saa ya khutba, na hana wa kumwachia bunduki. Maulamaa wetu wamehesabu khofu juu ya nafsi na mali katika nyudhuru za kuacha Ijumaa. Basi na asiache lindo lake. Asali Adhuhuri rakaa 4 wakati wake utakapopata nafasi, na zamu ikiweza kubadilishwa na mwenziwe asiyekuwa Muislamu, na wabadilishane.